Nabii anapata wapi mamlaka yake? Maandiko ya Kiebrania yanavyojibu

"Nabii amesema." Siku hizi maneno hayo mawili yanatosha kufunga mjadala katika nyumba nyingi. Amesema kiwanja kiuzwe, amesema dawa za presha ziachwe, amesema mchumba huyo hafai. Anayethubutu kuuliza "amejuaje?" huambiwa anamgusa mpakwa mafuta wa Bwana, na kwamba yatamkuta ya Kora, yule aliyempinga Musa akamezwa na ardhi. Baada ya msiba wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wa waumini waliofunga chakula hadi kufa kwa mafundisho ya mhubiri wao, uliofichuka Aprili 2023 na ambao miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, swali hili si la wanazuoni peke yao tena: mtu akidai anaongoza kwa amri ya Mungu, dai hilo linasimama juu ya nini?

Wanaotetea na wanaopinga, wote hukimbilia Agano la Kale. Huyu anamtaja Musa, yule Eliya, mwingine Zaburi ya 105. Wana haki ya kukimbilia huko, kwa kuwa Maandiko ya Kiebrania (Wayahudi huyaita Tanakh) ndiyo yaliyotupa picha ya mtu asiye na upanga anayesimama mbele ya mfalme na mfalme akatetemeka. Shida ni kwamba hunukuliwa nusunusu. Ukiyasoma kwa mfululizo utakuta mamlaka ya nabii ni makubwa mno, lakini mpaka wake uko karibu: yamo ndani ya neno alilotumwa, na neno hilo likikoma, nayo yamekoma.

Tuanze na majina

Neno "nabii" tumelipata kwa Waarabu, na Kiebrania kina ndugu yake, navi. Wataalamu wengi hulihusisha na neno la Kiakadi, lugha ya kale ya Mesopotamia, lenye maana ya kuita, kwa hiyo navi angekuwa "aliyeitwa". Lakini huhitaji kamusi ya Kiakadi kulielewa, kwa sababu Maandiko yenyewe yanalifafanua. Musa anapolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, Mungu anampa Haruni na kusema Haruni atakuwa kinywa chake (Kutoka 4:16). Sura tatu mbele jambo lilelile linarudiwa kwa neno jingine: Haruni atakuwa nabii wake (Kutoka 7:1). Weka mistari hiyo miwili pamoja na ufafanuzi umekamilika. Nabii ni kinywa cha mwingine.

Majina mengine mawili hutumika karibu na hilo. "Mwonaji" ni jina la zamani zaidi. 1 Samweli 9:9 inaeleza kwamba aliyeitwa nabii wakati kitabu kinaandikwa, hapo kale aliitwa mwonaji. "Mtu wa Mungu" hutumiwa sana kwa Eliya na Elisha. "Masihi", yaani mpakwa mafuta, ni jambo tofauti kabisa. Waliopakwa mafuta Israeli walikuwa wafalme na makuhani. Kwa nabii, agizo la kumpaka mtu mafuta liko mara moja tu, Eliya alipoambiwa ampake Elisha (1 Wafalme 19:16), na hata hapo tunachosimuliwa ni kutupiwa vazi. Mafuta hayatajwi tena. Kulichukua jina la mfalme na kumvika nabii ndiko kulikozaa nusu ya mkanganyiko tulionao.

(Msomaji aliyelelewa katika Uislamu anayajua maneno nabii na mtume katika mpangilio mwingine wenye masharti yake. Hapa ninabaki ndani ya Maandiko ya Kiebrania.)

Nabii na mshenga

Mfano ulio karibu nasi kuliko wote ni mshenga. Anapopiga hodi kwa kina binti hupokewa kwa heshima ambayo si yake binafsi. Ni heshima ya ukoo uliomtuma. Akitaja mahari, ametaja kile wazee walichokubaliana. Hana ruhusa ya kuongeza ng'ombe wala kupunguza. Akipewa jibu, hata likiwa baya, analirudisha kama lilivyo. Kumtukana yeye ni kuutukana ukoo mzima. Lakini siku ikigundulika kwamba hakutumwa, au kwamba aliongeza la kwake katikati ili apate chochote, ushenga wake umekwisha papo hapo, awe mzee mwenye mvi au kijana msomi.

Manabii wa Israeli walijieleza kwa lugha hiyohiyo ya ujumbe. Maneno "Bwana asema hivi" yanayojaa katika vitabu vyao hayakubuniwa kwa ajili ya ibada. Ni fomula ya matarishi wa kale. Yakobo alipotuma wajumbe kwa Esau, aliwapa namna ya kuanza: hivi ndivyo asemavyo mtumwa wako Yakobo (Mwanzo 32:4). Rabshake, ofisa wa Ashuru, aliposimama nje ya kuta za Yerusalemu mwaka 701 KK kuwatisha watu wa Hezekia, mfalme wa Yuda, alianza vivyo hivyo: hivi asema mfalme mkuu, mfalme wa Ashuru (2 Wafalme 18:19). Baada ya fomula hiyo mjumbe husema "mimi" akimaanisha aliyemtuma. Ndiyo maana ukisoma Isaya au Amosi, "mimi" hubadilika ghafla kutoka kwa mtu kwenda kwa Mungu bila onyo. Msomaji asiyeijua desturi hii hudhani nabii anajifanya Mungu, wakati yeye anasoma barua kwa sauti.

Barua hiyo hutoka wapi? Kiebrania kina neno sod, lenye maana mbili kwa pamoja: baraza la watu wa karibu, na siri inayosemwa humo. Amosi 3:7 inasema Mungu hafanyi neno bila kuwafunulia watumishi wake manabii siri yake. Hapo neno ni sod. Yeremia 23:18 na 22 linauliza ni nani kati ya manabii wa Yerusalemu aliyesimama katika baraza la Bwana. Hapo pia ni sod. Kwa wenyeji wa pwani hili halina haja ya maelezo marefu. Aliyekaa barazani anajua yaliyosemwa. Asiyekuwepo hubeba tetesi. Na Yeremia anawashutumu wenzake kwa tetesi hasa: anasema wanaibiana maneno, kila mtu kwa jirani yake (23:30). Unabii wa kunakili ulikuwepo karne ya 6 KK.

Wito: anayekataa kwanza

Masimulizi ya wito yana mpangilio unaojirudia kiasi kwamba ukishauona hutausahau. Mtu yumo kazini kwake. Anaitwa na kupewa kazi. Anapinga. Anahakikishiwa "mimi nitakuwa pamoja nawe". Mara nyingi anapewa ishara. Musa akiwa na kondoo wa mkwewe alipinga mara 5: mimi ni nani, nikiulizwa jina lako nitasema nini, hawataniamini, mimi si msemaji, na mwishowe, tuma mtu mwingine (Kutoka 3 na 4). Gideoni akipura ngano alisema jamaa yake ni maskini na yeye ni mdogo kuliko wote nyumbani mwa baba yake. Yeremia alisema yeye ni mtoto.

Kwa nini waandishi walijali kutunza upinzani huo? Kwa sababu ni ushahidi. Mtu aliyeikataa kazi hawezi kushukiwa kirahisi kwamba aliitafuta. Amosi analitumia jambo hili mahakamani, tuseme, pale kuhani Amazia wa Betheli anapomfukuza aende akale mkate wake Yuda. Jibu lake ni kwamba hakuwa nabii wala mwana wa nabii. Alikuwa mfugaji na mtunza mikuyu, Bwana akamtwaa nyuma ya kundi (Amosi 7:14-15). "Wana wa manabii" walikuwa vikundi vya wanafunzi, kama wale wa Betheli na Yeriko waliomfuata Elisha. Mafunzo yalikuwepo basi. Hayakumpa mtu ujumbe.

Wala damu haikumpa. Hapa nabii anaachana na kuhani na mfalme, ambao nafasi zao zilirithiwa. Wana wa Musa, Gershomu na Eliezeri, hawakuongoza taifa. Aliyepewa ni Yoshua wa kabila la Efraimu, na hata yeye alipewa sehemu tu ya heshima ya Musa, akatakiwa kusimama mbele ya kuhani Eleazari apate uamuzi kwa Urimu, chombo cha kuhani cha kumwuliza Mungu (Hesabu 27:18-21). Wana wa Samweli, Yoeli na Abiya, waliwekwa na baba yao kuwa waamuzi Beer-sheba, wakala rushwa, na wazee wa Israeli wakaenda kumwambia Samweli usoni kwamba wanawe hawaendi katika njia zake. Hakuna radi iliyowapiga wazee hao.

Musa, na watu waliompinga

Hakuna nabii mwenye mamlaka kama Musa katika Maandiko haya, kwa hiyo yeye ndiye kipimo kizuri. Mamlaka yake yanasimama juu ya nguzo mbili, na ya pili husahauliwa. Ya kwanza ni tukio la hadharani: Sinai, Mungu anasema atakuja katika wingu zito ili watu wasikie anaposema na Musa, wapate kumwamini (Kutoka 19:9). Taifa zima lilikuwa shahidi. Hakuna aliyeambiwa aamini ndoto ya mtu mmoja usiku. Ya pili ni ombi la watu wenyewe. Walipoogopa ngurumo na moto walimwambia Musa: sema nasi wewe, tutasikia (Kutoka 20:19). Kumbukumbu la Torati 18:16 inalitaja ombi hilo kuwa chanzo cha cheo chenyewe cha nabii. Mshenga huyu alikubaliwa na pande zote mbili.

Kisha soma jinsi alivyopokea mashindano. Katika Hesabu 11, wazee 70 wanapewa sehemu ya roho iliyokuwa juu yake, na wawili kati ya walioandikwa, Eldadi na Medadi, hawakwenda hemani lakini wakatabiri kambini. Yoshua akamtaka Musa awakataze. Musa akauliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akatamani watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Katika Hesabu 12, dada yake Miriamu na Haruni wanadai Bwana amesema nao pia. Musa hajibu lolote. Simulizi linasema alikuwa mpole kuliko watu wote. Mungu ndiye anayejibu, akieleza kwamba manabii wengine husemeshwa kwa maono na ndoto lakini Musa mdomo kwa mdomo. Miriamu anapigwa ukoma, na anayemlilia Mungu amponye ni Musa mwenyewe.

Ndipo tunafika kwa Kora, sura ya 16, inayotumiwa sana kuwatisha waumini. Inastahili kusomwa taratibu. Kora alikuwa Mlawi aliyekwisha kuwa na huduma hemani, na Musa anasema wazi anachotaka: ukuhani (16:10). Pamoja naye walikuwa Dathani, Abiramu na wakuu 250. Alichofanya Musa kwanza ni kuanguka kifudifudi. Kisha akawaita Dathani na Abiramu wazungumze, wakakataa kuja. Kisha akatoa hesabu yake mbele ya Mungu: hakutwaa kwao hata punda mmoja, wala hakumdhuru mtu yeyote (16:15). Samweli naye, akistaafu, aliwauliza watu wote mbele ya mfalme mpya ametwaa ng'ombe wa nani na punda wa nani, akaahidi kurudisha (1 Samweli 12:3). Hukumu ya Kora haikutekelezwa kwa mkono wa Musa wala wa vijana wake. Kiongozi anayeitaja sura hii apaswa kuitaja na ile habari ya punda.

Na Musa mwenyewe hakuwa juu ya neno alilobeba. Pale Meriba (Hesabu 20) aliambiwa auambie mwamba utoe maji. Akaupiga mara mbili kwa fimbo, baada ya kuwafokea watu. Maji yalitoka kwa wingi, watu wakanywa, muujiza ukafanyika. Na bado aliambiwa hataiingia nchi. Wafasiri hubishana kosa lilikuwa lipi hasa. Ninachokiona ni kwamba muujiza uliotokea haukuhesabiwa kuwa ushahidi kwamba nabii alitii.

Sheria inampa msikilizaji kazi

Kumbukumbu la Torati, kuanzia 16:18 hadi mwisho wa sura ya 18, inapanga nafasi nne za uongozi: waamuzi, mfalme, makuhani Walawi, na nabii. Mamlaka yamegawanywa makusudi. Mfalme haruhusiwi kujirundikia farasi, wake, fedha na dhahabu, na lazima ajiandikie nakala ya sheria. Nabii anatajwa mwisho, baada ya orodha ndefu ya mambo yaliyokatazwa: kutazama bao, kubashiri, kuroga, kuwauliza wafu. Mpangilio huo una maana. Mataifa jirani yalitafuta habari za Mungu kwa ufundi wa mtaalamu. Israeli waliambiwa wasubiri neno, na neno haliitwi kwa ufundi.

Kila jamii iliyopokea manabii ililazimika kuwahakiki. Katika magofu ya Mari, kando ya mto Frati nchini Syria, zimepatikana barua za vibao vya udongo za karne ya 18 KK, ambamo maofisa wanampelekea mfalme Zimri-Lim maneno ya manabii. Mara nyingine waliambatanisha kishungi cha nywele za nabii na pindo la nguo yake, ili ukweli wa ujumbe uthibitishwe kwa ramli. Torati haina nywele wala pindo. Inawakabidhi uchunguzi wasikilizaji, na inawapa vipimo.

Kipimo cha kwanza, Kumbukumbu la Torati 13:1-5: nabii akitoa ishara na ishara ikatimia, lakini akakuvuta kwa miungu mingine, usimsikilize. Rudia kuisoma. Ishara imetimia, na bado ni wa uongo. Yaani muujiza peke yake haumthibitishi mtu. Kinachopimwa ni anakokupeleka. Watu wanaosema "lakini alinitajia namba yangu ya simu" wanatumia kipimo ambacho sheria hii ilikikataa.

Cha pili, 18:20-22: nabii akinena kwa jina la Bwana na neno lisitimie, Bwana hakulinena. Amelinena kwa kujikinai, na mstari unaongeza kuwa usimwogope. Adhabu ya anayenena asichoagizwa ni kifo. Kipimo hiki kina ugumu wake, na waandishi waliujua. Kinachelewa: unabii wa miaka 70 humsaidia nini mtu anayetakiwa kuamua leo? Pia maonyo mengi yalikuwa na sharti ndani yake. Yona alitangaza siku 40, Ninawi ikatubu, mji haukuangamia. Yeremia 18:7-10 inaeleza kanuni: taifa lililotishiwa likigeuka, hukumu hughairiwa. Isaya alimwambia Hezekia atakufa, na kabla hajatoka kwenye ua wa kati akarudishwa kumwambia ameongezewa miaka 15 (2 Wafalme 20). Hapa ndipo walaghai hujificha, wakisema neno halikutimia kwa sababu ya imani yako ndogo. Tofauti inaonekana wazi ukiangalia vizuri: onyo la adhabu huondolewa kwa toba, tena hadharani, ahadi ya gari na visa haikuwahi kuwa na sharti hilo siku ilipotolewa na sadaka kupokelewa.

Cha tatu hakimo katika kifungu cha sheria, kimo katika vitabu vya manabii wenyewe: mwenendo na fedha. Yeremia 23:14 inawataja manabii wazinzi waongo wanaoitia nguvu mikono ya watenda mabaya. Mika 3:5 inasema huwatangazia amani wanaowalisha na huandaa vita juu ya asiyewatia kitu kinywani. Ezekieli 13:19 inataja bei kabisa: makonzi ya shayiri na vipande vya mkate. Kupokea zawadi hakukuwa kosa. Sauli na mtumishi wake walimpelekea Samweli robo shekeli ya fedha, kiasi cha gramu 3 hivi. Kosa ni ujumbe kufuata malipo. Elisha alikataa mzigo wote wa fedha na dhahabu wa Naamani, jemadari wa Shamu aliyeponywa ukoma, na mtumishi wake Elisha, Gehazi, aliyemkimbilia Naamani nyuma kuchukua talanta 2 na mavazi akarudi na ukoma.

Hanania alipovunja nira

Vipimo vinaonekana rahisi kwenye karatasi. Yeremia 28 inaonyesha jinsi vilivyo vigumu uwanjani. Ni mwaka wa 4 wa mfalme Sedekia, takriban 594 KK. Watu wengi wamekwisha kupelekwa Babeli mwaka 597 pamoja na mfalme Yekonia na vyombo vya hekalu. Yeremia anatembea na nira ya mti shingoni, akisema mkubali utawala wa Babeli. Ndani ya hekalu, mbele ya makuhani na watu wote, Hanania wa Gibeoni anasimama na kutangaza kwamba Bwana wa majeshi amesema ameivunja nira ya mfalme wa Babeli. Kabla ya miaka 2 kamili vyombo vitarudi na watu watarudi.

Fomula ni sahihi. Jina la Mungu ni sahihi. Mahali ni patakatifu, na ujumbe ndio ambao kila mtu anauombea usiku. Kipimo cha kwanza hakimkamati, na cha pili kinahitaji miaka 2.

Yeremia anajibu: Amina, Bwana na afanye hivyo. Hakusema kwa kejeli; naye angependa iwe kweli. Kisha anaongeza jambo la kupima kwa historia: manabii wa tangu zamani walitabiri vita na tauni juu ya falme kubwa, kwa hiyo anayetabiri amani ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, hadi neno lake litokee. Hanania anaivua nira shingoni mwa Yeremia na kuivunja mbele ya umati. Na hapa Maandiko yanasema jambo ambalo sijachoka kulitafakari: nabii Yeremia akaenda zake. Hakuwa na neno jipya, basi hakusema. Baadaye neno lilimjia, akarudi na kumwambia Hanania kwamba badala ya nira ya mti pametengenezwa ya chuma, na kwamba Bwana hakumtuma. Hanania alikufa mwezi wa 7 mwaka huohuo, miezi 2 tu baada ya kutabiri miaka 2.

Kukaa kimya ni alama ya nabii wa kweli inayosahauliwa kuliko zote. Nathani alimwambia Daudi afanye yote yaliyo moyoni kuhusu kujenga nyumba ya Mungu, na usiku uleule akaambiwa akamsahihishe. Akaenda, akajisahihisha mbele ya mfalme (2 Samweli 7). Samweli alimwona Eliabu, kaka yake Daudi, na kudhani ndiye mteule, alikosea. Elisha alimwona mwanamke Mshunami akiwa na uchungu na kukiri kwamba Bwana amemficha jambo hilo (2 Wafalme 4:27). Maoni ya nabii ni maoni, na hao walijua kuyatenga na ujumbe.

"Msiwaguse masihi wangu"

Mstari huu ni Zaburi 105:15, nao huning'inizwa mbele ya kila swali kuhusu hesabu za kanisa au maisha ya kiongozi. Anza kuusoma mstari wa 8. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, walipokuwa watu wachache, wageni wasio na ardhi, wakitangatanga kutoka taifa hadi taifa. Wanaoonywa ni wafalme wenye majeshi. Zaburi inamlinda mgeni mnyonge dhidi ya mtawala. Leo inatumiwa kumlinda mwenye walinzi na msafara dhidi ya mjane anayeuliza fedha zake zilikwenda wapi.

Tukio lenyewe liko Mwanzo 20, ambako neno nabii linatokea kwa mara ya kwanza katika Biblia. Ibrahimu alimwambia Abimeleki wa Gerari kwamba Sara ni dada yake. Mfalme akamchukua Sara, Mungu akamtokea ndotoni na kumwonya amrudishe, kwa kuwa mumewe ni nabii. Asubuhi Abimeleki akamwita Ibrahimu na kumkabili: umetutenda nini, uliona nini hata ukafanya hivi? Ibrahimu ikabidi ajieleze. Abimeleki hakuadhibiwa kwa maswali hayo. Ibrahimu alimwombea, nyumba yake ikapona. Basi katika kisa chenyewe kilicho nyuma ya mstari huu, nabii alikosea, akaulizwa hadharani, akajibu.

Daudi naye hutajwa kwa kukataa kumwua Sauli, mpakwa mafuta. Ni kweli, na Sauli alikuwa mfalme, na lililokatazwa lilikuwa kuua. Baada ya kutoka katika pango alimomkuta Sauli, Daudi alimwita kwa sauti, akamwonyesha pindo la vazi alilolikata, akamshtaki mbele ya askari wake (1 Samweli 24).

Wanawake, kwa kifupi

Wapo wanaosema mamlaka haya yalikuwa ya wanaume tu. Debora alikuwa nabii na mwamuzi kwa pamoja. Mwaka 622 KK kitabu cha sheria kilipopatikana hekaluni, mfalme Yosia alituma kuhani mkuu Hilkia na maofisa wakamwulize Bwana, nao wakaenda kwa Hulda, mke wa Shalumu mtunza mavazi, ijapokuwa Yeremia alikuwa amekwisha kuanza kazi. Alianza jibu lake kwa fomula ileile ya tarishi. Mageuzi ya ufalme mzima yalifuata.

Neno bila askari

Bado kuna jambo moja la kufafanua: nabii alitumia nini kulazimisha? Kwa sehemu kubwa, hakutumia kitu. Mikaya bin Imla alisimama peke yake mbele ya manabii 400 wa mfalme Ahabu, akapigwa kofi na mmoja wao, Sedekia bin Kenaana, akatiwa gerezani kwa mkate na maji kidogo (1 Wafalme 22). Zekaria mwana wa Yehoyada alipigwa mawe uani mwa hekalu. Uria wa Kiriath-yearimu alikimbilia Misri, mfalme Yehoyakimu akatuma watu wakamrudisha na kumwua. Yeremia alishitakiwa kifo kwa kutabiri dhidi ya hekalu, na utetezi wake ulikuwa mfupi: Bwana amenituma, mimi nipo mikononi mwenu, nitendeni mwonavyo. Kilichomwokoa ni wazee waliokumbuka kwamba Mika alisema hayohayo zama za Hezekia, karibu miaka 100 nyuma, na mfalme yule badala ya kumwua alitubu (Yeremia 26).

Baada ya Yerusalemu kuanguka, mabaki ya watu wakiongozwa na Yohanani bin Karea walimwendea Yeremia karibu na Bethlehemu. Waliogopa kisasi cha Wababeli na walitaka kukimbilia Misri. Wakaapa kwamba watafuata neno lolote, liwe jema au baya. Aliyekuwa na kila sababu ya kuwajibu palepale aliwasubirisha: neno lilikuja baada ya siku 10. Mkae katika nchi hii. Wakamwambia anasema uongo, kwamba karani wake Baruku ndiye anayemchochea. Hakuwalaani wafe njiani, hakuwa na mtu wa kuwazuia. Wakafunga mizigo, wakamchukua yeye na Baruku pamoja nao hadi Tahpanesi, na huko Misri, kati ya watu waliokataa kumsikia, neno lilimjia tena.